Manang Dora na Mchanga wa Rizalyn

Ukitoka nyumba ya msiba hapa kwetu Tabunan, kijiji cha pwani, huendi moja kwa moja nyumbani. Unapita kwanza mahali pengine, popote pale: dukani ukanywe soda, kwa jirani, au unasimama tu barabarani dakika tano ukijifanya unamsubiri mtu. Unakung'uta. Maana marehemu hukufuata, na usipompoteza njiani atajua unapolala. Padri wetu anatuambia kila mara kwamba huo ni ushamba, nami nimemwona kwa macho yangu akitoka mazishini akaenda kununua betri za tochi asiyokuwa nayo.

Sisi wasikilizaji wa kituo cha afya, mahali petu pa kukung'utia palikuwa kwa Manang Dora.

Jina lake kamili ni Teodora Hisole. Manang ni dada mkubwa, ndivyo tunavyomwita mwanamke aliyetuzidi umri. Yeye naye hutuita sisi Inday, yaani binti, hata wewe uwe na wajukuu na meno ya bandia. Ana miaka sabini na moja, mfupi, mpana wa kiuno, na sikio lake la kushoto lilikufa utotoni kwa homa. Kwa hiyo ukiingia kwake, jambo la kwanza analofanya ni kuburuta kiti chake akizunguka mpaka sikio zima likuelekee. Wageni husisimka: mama huyu amenisogelea anisikilize! Hata mimi nilidhani hivyo mwezi mzima, mpaka siku nilipokaa upande mbovu nikaongea robo saa peke yangu.

"Umesema?" akaniuliza nilipomaliza.

Tulicheka mpaka tukashikana mabega.

Zamani alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kazi yake ilikuwa watoto wenye matatizo. Mchelewaji, mgomvi, mliaji, wote walipelekwa kwake. Enzi hizo walimwita Mwalimu Panga, kwa sababu kesi moja haikuzidi dakika tano: anauliza, anakata, anakurudisha darasani. Alijivunia jina hilo. Halafu palikuwa na msichana mmoja aliyechelewa shule kila siku, na kila siku Mwalimu Panga akampa ushauri mpya. Lala mapema. Nunua saa. Mwambie mama akuamshe. Msichana akawa anajibu, "Ndiyo, Mwalimu," mwaka mzima. Siku ya kufunga shule ndipo Manang Dora akasikia kwa mpishi kwamba mama wa mtoto yule alikuwa kaburini tangu mwanzo wa muhula wa kwanza.

"Mara ngapi nilimwambia mwambie mama akuamshe?" Manang alitusimulia hayo mwenyewe, siku ya kwanza tulipokutana naye. "Hakuniambia kwa kuwa sikumpa nafasi ya kumaliza sentensi hata moja."

Alikuwa na miaka hamsini wakati huo. Akaanza kupanda basi kila Jumamosi kwenda mjini Iloilo kusomea kazi ya kusikiliza watu, miaka minne, mumewe akinung'unika kwamba mke wake mzee anakwenda shule kujifunza kunyamaza. Mume alifariki kabla mkewe hajamaliza. Manang anasema hakuna mtu aliyemnyamazia vizuri kama marehemu.

Kisha bahari ikapanda.

Sitaeleza kimbunga. Aliyekuwepo anajua na asiyekuwepo hatajua. Baadaye kituo cha afya kikatafuta wanawake wa kuwasikiliza waliobaki, maana waganga wa akili wapo mjini na sisi tupo huku. Tulipatikana kumi na wawili. Hawakuuliza vyeti, bahati yangu, maana mimi Salvacion, Basyon kwa wanaonijua, niliishia darasa la sita na tangu hapo nauza ndizi za kukaanga sokoni. Kila mteja wangu hupewa ndizi na ushauri: achana naye, rudiana naye, mpeleke mahakamani. Ushauri nilikuwa siutozi.

Wakatufundisha siku sita katika ukumbi wa kanisa. Usihukumu. Usijifanye. Usishauri! Mwenye maumivu anajua mwenyewe yanapouma, wewe kaa naye mpaka aone njia yake. Nikawaza, haya ni mafunzo ya nani, ya mawe? Mwisho wakatuambia msimamizi wetu atakuwa Manang Dora, kila mmoja aende kwake baada ya kila kazi akaseme alichobeba.

Msimamizi gani huyo! Hasimami, kutwa ameketi. Hasimamii, maana hakuambii fanya hivi wala acha vile. Wiki ya pili nilimchoka.

"Manang, leo nimechoka," nilimwambia.

"Umechoka."

"Yule mzee ananikasirisha."

"Anakukasirisha kweli kweli."

"Manang, wewe ni kasuku?"

Akafikiri. "Naona unanisikia kama kasuku. Na unahitaji mtu, hukuja kutafuta ndege."

Ameniweza. Mimi!

Jambo jingine, alikuwa akikukaribisha kwa wingi. Hata ukija peke yako, utasikia kutoka ndani, "Karibuni!" Mara ya kwanza niligeuka nyuma nikaangalia. Barabara tupu, mbwa mmoja.

"Niko peke yangu, Manang."

"Umetoka kusikiliza watu, Inday. Huwezi kuwa peke yako."

Mlangoni pake ana kitambaa cha gunia cha kufutia miguu. Wenzangu walikuwa wanapiga miguu pale, tap, tap, tap, mmoja baada ya mwingine, kila mtu akiwakung'uta wafu wake. Hakuna aliyesema ndivyo tunavyofanya. Tulisema ni matope.

*

Niliyepewa mimi ni Arsenia Balido. Ninaandika jina lake kwa ruhusa yake. Tena amesisitiza niandike na la mtoto. Mtoto aliitwa Rizalyn, miaka sita. Bahari ilimtoa mikononi mwa mama yake ndani ya nyumba, na hakuonekana tena, wala kiatu.

Nilikwenda kwa Arsenia kila Jumatano saa nne asubuhi, miezi saba. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mkimya, anashona magunia kwa mkono. Nyumba yake ilijengwa upya kwa mabati, lakini sakafu ni ile ile ya saruji, na sakafu ile haikufagiliwa kwa miaka mitatu. Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa sababu. Nyumba ikiwa na maiti haifagiliwi mpaka atoke kuzikwa, maana utamfagia na yeye, au utawafagia na wengine wamfuate. Rizalyn hakuzikwa. Basi kwa hesabu ya mama yake msiba haujaisha. Mgeni akiondoka, Arsenia hasimami kumsindikiza wala hamshukuru, ndivyo wafiwa wafanyavyo. Taka kubwa alikuwa akiziokota kwa mkono. Lakini kwenye kona chini ya kitanda kulikuwa na mchanga, kiasi cha sahani mbili, umekauka, mweupe.

"Huu bahari imeuacha," aliniambia mara moja. "Ilichukua yule, ikaacha huu."

Nilimpelekea Manang Dora maneno hayo. Akasema, "Kama vile walibadilishana, mtoto na mchanga."

Mwezi wa saba Arsenia alikuwa akiongea sentensi tatu, nne kwa saa nzima. Zilizobaki ni kelele za sindano kupita kwenye gunia. Wenzangu wanawake kumi na mmoja walikuwa na hadithi: wa huyu ameanza biashara, wa yule ameolewa tena. Wa kwangu anashona. Jumatano hiyo akatoka kwenda kwa jirani kuchota maji, nikabaki na kona ile. Ufagio ulikuwa ukutani, njiti zake zote zimenyooka, haujawahi kutumika. Mikono ikaniwasha.

Nilijua. Sitaki mtu anitetee kwamba sikujua. Nilijiambia: miaka mitatu! Msiba gani huu wa miaka mitatu? Atakaporudi akute pasafi, atapumua. Nikashusha ufagio. Shwa, shwa, shwa, dakika moja, chini ya kitanda, kona, mlangoni. Mchanga nikauzoa kwenye kopo la maziwa lililokuwa pale, nikafunga kifuniko, nikaweka kwenye kikapu changu niutupe njiani.

Arsenia akaingia na ndoo. Akaiweka chini taratibu. Akaangalia kona, akaangalia ufagio.

"Asante, Manang," akasema.

Nilipoaga, akasimama akanisindikiza mpaka mlangoni. Miezi saba hajawahi. Akaniinulia mkono wa kwaheri, kama watu ambao kwao hakuna tena marehemu wa kumlinda.

Nikaondoka mbio. Kwa Manang Dora sikupita. Nilimtumia ujumbe kwamba tumbo linauma. Nikaenda moja kwa moja nyumbani, na kopo ndani ya kikapu, nimelisahau. Au tuseme sikulikumbuka mpaka nilipokuwa jikoni kwangu nalitoa pamoja na vitunguu.

*

Kesho yake saa tatu asubuhi nilikuwa namenya ndizi uani. Jua kali. Nikasikia ndani, chumba cha mbele: shwa. Shwa. Shwa.

Nikadhani ni mume wangu, nikashangaa, maana Nestor na ufagio hawajuani. Nikaingia. Hakuna mtu. Ufagio umetundikwa nyuma ya mlango, haucheziki. Nikarudi kwenye ndizi. Shwa, shwa.

Siku ya tatu nikakuta mchanga shukani, upande wangu. Nikamwambia Nestor aoshe miguu yake.

"Mimi sijaenda pwani, we mwanamke."

"Basi nani?"

"Angalia miguu yako mwenyewe."

Nikakuta chembe kwenye mchele. Nikakuta chembe masikioni, Mungu ni shahidi. Kopo lilikuwa juu ya kabati la vyombo, limefungwa. Kila nilipotaka kwenda kulimwaga mkono ulikataa, maana nitamwaga wapi? Barabarani, watu waukanyage? Baharini, nimrudishie aliyeiba?

Sokoni huko nako nilipokelewa kwa shangwe. "Basyon, umemponya Arsenia!" akanipigia kelele mama mmoja muuza samaki wakavu. "Jana nimempitia, anafagia! Miaka mitatu! Umemfanyia nini?"

"Nilimsikiliza tu," nikasema. Kinywa changu hicho hicho.

Jumatano iliyofuata nikaenda. Nilimsikia kabla sijaiona nyumba. Shwa, shwa. Arsenia alikuwa akifagia sakafu iliyong'aa, kuanzia ukutani mpaka mlangoni, halafu anarudi ukutani.

"Kaa tu, Manang. Namalizia."

Nilikaa saa nzima. Hakumaliza. Hakikuwepo kitu cha kufagia hata kimoja, lakini aliinama na kuchungulia kwenye nyufa za saruji, anachokonoa kwa njiti, anafagia tena. Jumatano ya pili viganja vyake vilikuwa na malengelenge yaliyopasuka, na sufuria ya wali ilikuwa imefunikwa vile vile kama jirani alivyoileta tangu juzi. Mashavu yamebonyea. Sindano na gunia havikuwepo.

"Unatafuta nini, Arsenia?" nilimwuliza. Sauti yangu ilikuwa ya mwizi anayesaidia kutafuta.

"Hakuna. Nafagia tu. Si msiba umeisha?"

Nikapita kwa Manang Dora, wiki zote mbili. Nisingeweza kuumwa tumbo kila Jumatano.

"Karibuni!"

Wiki ya kwanza nilisema, "Anaendelea vizuri." Wiki ya pili nikasema, "Anaendelea vizuri sana." Manang Dora aliburuta kiti, akaweka sikio lake, mikono mitupu mapajani.

"Anaendelea vizuri sana," akasema. "Nawe umefuta miguu mara tatu tangu ukae."

Nikaangalia chini. Kweli, miguu yangu ilikuwa ikijisugua yenyewe sakafuni, mmoja juu ya mwenzake.

"Inawasha. Joto."

"Labda ni joto." Akanisogelea. "Inday, sijui ni nini. Lakini leo nakuona uko mbali nami, na nimekukosa."

Hakuna kitu kibaya kama mtu kukuambia amekukosa wakati wewe unamdanganya. Nikabeba kikapu nikaondoka nimekasirika. Angenibana! Angesema, Basyon, unaficha nini? Ningemjibu vizuri, ninazo dawa za wanaobana. Kwa huyu sikuwa na pa kumshika.

Kisha muuguzi wa kituo akaja sokoni, binti mzuri, mwenye haraka. "Manang Basyon, wiki ijayo tunakutana wasikilizaji wote. Tunataka uwaeleze wenzako ulivyofanya kwa Arsenia. Hatua kwa hatua." Akanunua ndizi mbili, akaenda.

Nilipofika nyumbani jioni ile, nilipanda kiti nikaliangalia kopo. Kifuniko kilikuwa kimelegea. Sikukilegeza mimi, na Nestor aliapa hakukigusa.

*

Jumatano ya tatu nilikwenda kwa Arsenia nikamkuta amekaa kizingitini, ufagio magotini, hawezi kusimama. Midomo imepasuka. Bado mkono ulikuwa ukienda na kurudi, njiti zikikwaruza hewa. Nilimpa maji, akanywa funda moja akaniambia, "Asante," kwa adabu ile ile. Nikamwita jirani akae naye. Nikaenda nyumbani, nikachukua kopo, nikaenda kwa Manang Dora.

"Karibuni!"

Safari hii sikupiga miguu mlangoni. Niliingia na kila kilichokuwa nami.

Nikakaa, kopo mapajani, nikasema yote. Kona, ufagio, dakika moja. Asante, Manang. Kusindikizwa. Nilivyokwenda moja kwa moja nyumbani. Shwa, shwa saa tatu ya asubuhi. Mchanga shukani. Uongo wiki mbili. Sifa za sokoni. Nilisema kwa kasi kama mtu anayetapika, na nilipomaliza, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Manang Dora hakurudisha neno hata moja. Alikuwa amelishika sikio lake zima kwa mkono, kama linauma.

"Sema kitu!" nikamwambia. "Sema mimi mjinga. Nimemfagia mtoto wa mtu. Nimemfagia, Manang, nikamtia kwenye kopo la maziwa!"

"Unataka nikuchape."

"Ndiyo!"

"Sina fimbo, Inday." Macho yake yalikuwa yamejaa. "Nitakuambia lililonipata ulipokuwa unasema. Nimeogopa. Namwogopea Arsenia. Na nimeumia kwamba wiki tatu umelala na jambo hili peke yako, na mimi niko hapa na kiti."

Nililia basi, kilio cha sokoni, cha makamasi.

"Utaniondoa?"

"Kituo kitaambiwa, na nitakuwa nimekaa pembeni yako ukiwaambia. Hilo halifichwi. Na mtu asiyekula lazima muuguzi amwone leo, nampigia simu sasa hivi. Hilo nalo silinyamazii." Akapiga, pale pale, maneno machache, akaweka simu chini. Kisha akaburuta kiti mpaka magoti yetu yakagusana. "Sasa tumebaki mimi na wewe, na huyu uliyekuja naye."

"Nifanye nini, Manang?"

"Sijui."

Mara mia amenijibu hivyo, na mara mia nimetaka kumrushia kitu. Siku ile niliona kwamba hajui kweli. Hakuwa amelificha jibu nyuma ya mgongo akisubiri nilikisie. Mwalimu Panga angekuwa nalo tayari, la dakika tano.

Tukakaa. Nje mtu alikuwa anakata nyasi kwa panga. Chembe moja ya mchanga ikateleza ndani ya kopo, tulisikia wote wawili, au mimi nilisikia naye akauona uso wangu.

"Kila ukisema nifanye nini," akasema polepole, "mkono wako unakishika kifuniko. Unakishika kama kichwa cha mtoto."

Nikaangalia. Nilikuwa nikikipapasa.

Nikasimama. "Si wangu," nikasema. "Ana mama yake."

Manang Dora hakusema "vizuri", wala hakusema "nenda". Alisogeza kiti chake kunipisha.

*

Muuguzi alikuwa bado hajafika. Nilimwambia jirani atuache kidogo. Arsenia alikuwa pale pale kizingitini. Nikakaa chini mbele yake, kwenye vumbi, gauni langu la kazi likachafuka, nikaweka kopo kati yetu.

"Siku ile nilifagia nikijua," nikamwambia. "Nilichoka kukaa kimya nawe, nikataka nionekane nimefanya kitu. Nikauchukua. Huu hapa wote, isipokuwa uliomwagika kwangu."

Ufagio ukasimama. Akaliangalia kopo. Kisha akauliza, kwa sauti kavu:

"Amekaa kwako siku ngapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilikuwa nimejiandaa hata kupigwa. "Ishirini na moja."

"Alikusumbua?"

Hapa ndipo msikilizaji mwenye mafunzo anapaswa kusema kitu cha busara. "Alinisumbua sana," nikasema. "Shukani. Kwenye mchele. Asubuhi nikimenya ndizi anafagia chumba cha mbele."

"Anafagia?"

"Shwa, shwa. Kila siku saa tatu."

Mdomo wake uliopasuka ukafunguka, damu ikatoka kidogo. "Alikuwa hataki kabisa kufagia," akasema. "Kwangu nimwambie mara kumi! Kwa watu ndiyo anajifanya ana adabu." Akatoa sauti ambayo sikujua ni kicheko au ni nini. "Kopo je? Alifungua kopo?"

"Alilegeza kifuniko. Jumamosi."

"Huyo ndiye. Hakuna kifuniko kilichomshinda." Akanishika mkono, viganja vyake vibichi kama nyama. "Niambie tena. Anza siku ya kwanza. Usiruke."

Nikamwambia. Sikuruka. Miezi saba nilikuwa nikingoja yeye aseme, kumbe alikuwa akingoja mtu mwenye habari. Aliuliza shuka lilikuwa la rangi gani. Aliuliza kama ndizi zilikuwa mbivu, maana mtoto hakupenda zilizoiva sana. Alipolia alilia kwa nguvu, jirani akaja mbio, nikamzuia kwa mkono. Muuguzi alipofika alimkuta anakula wali uliolala, kwa vidole, akiwa bado anauliza maswali. Malengelenge yalifungwa kwa bandeji, akaandikiwa dawa na kupangiwa kuonwa kila siku.

Mchanga aliurudisha mwenyewe. Alitambaa mpaka chini ya kitanda, akaumwaga konani, akausawazisha kwa kiganja kilichofungwa. Ufagio akautundika.

Nilipoaga, hakusimama. Hakushukuru. Alinipa kisogo akaendelea kutazama kona yake, kama mfiwa anavyopaswa. Sijawahi kufurahia kisogo cha mtu namna ile.

*

Kituo kilinisimamisha miezi mitatu. Kwenye mkutano nilieleza hatua kwa hatua, kama walivyotaka. Manang Dora alikaa pembeni yangu, upande wa sikio zima, na muuguzi hakuandika kitu. Baadaye nilirudi kwa Arsenia, yeye ndiye aliyeniitisha. Mpaka leo ni kila Jumatano. Mwaka jana alimwalika padri asome sala juu ya kona ile, na anasema siku yoyote anaweza kufagia, au asifagie. Simwambii afanye lipi.

Ila nataka kusema la jioni ile ile, nilipotoka kwake. Nilipita kwa Manang Dora, ijapokuwa saa yangu ilikuwa imekwisha kitambo. Nilisimama kwenye kitambaa cha gunia nikapiga miguu. Tap, tap. Nikavua viatu nikavigeuza. Hakuna kilichoanguka, isipokuwa chembe moja, kutoka kiatu cha kushoto, nyeupe. Nikaiangalia. Sikuikung'uta. Niliirudisha kiatuni nikavaa tena.

"Karibuni!" akasema kutoka ndani.

"Tumefika, Manang," nikasema, nikasikia kiti kikianza kuburutwa.